Jicho linachuruzika machozi, daktari anasema limekauka

Shangazi yangu aliingia dukani saa nne asubuhi, leso mkononi, akaketi kwenye kiti cha wateja wa fotokopi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaenda moja kwa moja kwenye lililomleta.

"Nimetoka kwa daktari wa macho. Kaniambia macho yangu makavu. Makavu vipi, mwanangu, na mimi nashinda najifuta kama mfiwa?"

Swali hilo nimelisikia hapa Ngamiani, Tanga, zaidi ya mara moja, na mimi mwenyewe nililiuliza miaka michache iliyopita. Wakati huo nilikuwa nimeshamaliza chupa tatu za matone ya kuua bakteria. Nilizinunua dukani moja baada ya nyingine, na kila moja ilinipa nafuu ya siku mbili, ya tatu mchanga ukarudi machoni. Hakuna aliyenitazama kope. Muuzaji aliona wekundu, akashusha chupa kutoka kwenye rafu.

Mkanganyiko uliongezeka Januari 2024, pale ugonjwa wa macho mekundu ulipozuka Dar es Salaam na kusambaa mikoani, hadi Wizara ya Afya ikatoa tahadhari. Ule ulikuwa wa virusi: unaambukiza, unakuja kwa kishindo, na kwa wengi huisha wenyewe baada ya wiki moja au mbili. Lakini tangu hapo, ukipanda daladala na jicho jekundu, jirani anakusogezea bega la kukataa. Na kumbe macho mengi mekundu ya mtaani hayana kirusi wala bakteria. Mengine yana mafuta yaliyoganda kwenye kope.

Tuanze na maneno, maana Kiswahili chetu hapa kina mtego. "Kope" tunaita zile nywele, na tunaita pia ile ngozi inayofunika jicho. Katika makala haya kope ni ngozi, na nywele nitaziita nywele za kope. Halafu kuna "vikope", jina la mtaani la trakoma, ugonjwa wa bakteria ambao ukiachwa miaka mingi hugeuza nywele za kope zielekee ndani na kukwaruza kioo cha jicho, ile sehemu angavu ya mbele. Huo ni mwingine kabisa. Na "mtoto wa jicho" ni ukungu kwenye lenzi iliyo ndani ya jicho. Nao hauhusiki hapa, ingawa mzee mmoja anaweza kuwa na yote mawili.

Sasa simama mbele ya kioo, uvute ukope wa chini taratibu. Kwenye ukingo wake, nyuma kidogo ya nywele, kuna mstari wa vitundu vidogo mno. Kila kitundu ni mdomo wa tezi nyembamba iliyolala ndani ya ukope kama mrija. Ukope wa juu una tezi kama 25 hadi 40, wa chini kama 20 hadi 30. Zinaitwa tezi za Meibomi, kwa jina la daktari wa Kijerumani, Heinrich Meibom, aliyezieleza mwaka 1666. Hizi hazitoi machozi. Tezi ya machozi iko mahali pengine, juu ya jicho upande wa nje. Hizi kazi yake ni mafuta.

Mafuta ya nini jichoni? Hapa ndipo namwambia kila anayeuliza akumbuke bakuli la supu ya ng'ombe. Supu nyepesi inafuka mvuke, unaiona, unaipuliza. Ile yenye mafuta yaliyotanda juu haifuki, unadhani imepoa, unapiga kijiko cha kwanza na ulimi unaungua. Utando wa mafuta umeyafunika maji, mvuke haupati njia.

Jicho limepangwa hivyo hivyo. Chini kabisa, kwenye kioo cha jicho, kuna utelezi unaoyashika maji yasiteleze. Juu yake kuna maji yenyewe ya machozi. Juu ya maji, utando mwembamba wa mafuta kutoka kwenye tezi zile. Ukipepesa, ukope unazikamua tezi kidogo, tone la mafuta linatoka, linatandazwa. Mafuta yakiwa haba, maji yanakauka kabla hujapepesa tena, kioo cha jicho kinabaki wazi kama kiraka, na neva zake zinapiga yowe. Ubongo ukisikia yowe hilo unaiamrisha tezi ya machozi ifungulie bomba.

Kwa hiyo shangazi alikuwa sahihi, na daktari wake alikuwa sahihi. Machozi yanayomchuruzika ni ya dharura, yale yale yanayotoka ukikata kitunguu au moshi ukikupiga usoni. Yanakuja kwa wingi na hayana mafuta ya kuyashika, hivyo yanamwagika shavuni badala ya kukaa jichoni. Baada ya dakika chache jicho limerudi pale pale. Ni kama kuumwagia ua wa nyumba ndoo nzima ya maji saa saba mchana: pametota, pakakauka, na hakuna kilichoota.

Kuna jambo watu wa Tanga huniuliza, nalo ni zuri. Hewa yetu ina unyevu mpaka chumvi inagoma kutoka kwenye kichupa mezani. Macho yatakaukaje hapa? Ni kweli, unyevu unasaidia. Lakini jicho halikai kwenye hewa ya jiji kwa jumla, linakaa kwenye hewa iliyo mbele yake. Mbele ya jicho langu kuna feni ya dukani inayopuliza toka saa mbili. Mbele ya jicho la kijana wa bodaboda anayekimbiza abiria wa Pongwe bila miwani kuna upepo wa mwendo wa pikipiki. Na aliye ofisini kwenye kiyoyozi, unyevu mwingi umeshanyonywa.

Tezi zinazibaje? Ukikaa pwani unalo jibu kwenye chupa ya mafuta ya nazi. Kaskazi ikivuma, mafuta yako maji matupu, yanatiririka. Ikifika kipupwe, Julai, unaamka asubuhi unakuta chupa nyeupe pe, umeipindua na hakuna kinachotoka. Hayajaharibika. Yameshuka chini ya joto lake la kuyeyuka, ambalo ni kama nyuzi 24 hivi. Mafuta ya kope nayo yana joto lake, lakini liko juu zaidi, karibu na joto la mwili. Katika kope nzima yanatoka maangavu na mepesi kama mafuta ya kupikia. Tezi ikidhoofika mchanganyiko wake hubadilika, unahitaji joto zaidi ili uyeyuke, na mafuta yanakuwa mazito, kwanza kama uji, mwishowe kama dawa ya meno kwenye tyubu. Juu yake ngozi ya ule mdomo mdogo inaota gamba na kuuziba. Chupa imeganda na kizibo kimebana.

Umri ni sababu ya kwanza, tezi huchoka kama kila kitu. Wanawake baada ya kukoma hedhi hupata zaidi, kwa sababu ya mabadiliko ya homoni. Magonjwa ya ngozi ya uso yanayoleta wekundu na mba huandamana nalo mara nyingi. Dawa kali ya chunusi iitwayo isotretinoini hunyausha tezi hizi. Lenzi za kuvaa jichoni zimo kwenye orodha pia.

Kioo cha simu ni habari nyingine, na hapa nina dhambi zangu. Mtu aliyetulia hupepesa kama mara 15 kwa dakika. Akikodolea kompyuta, hesabu hiyo hushuka hadi nusu au chini ya hapo, na nyingi ya zile zilizobaki ni nusu-pepeso: ukope wa juu unashuka haufiki chini, unarudi. Tezi hazikamuliwi. Nachapa barua za watu siku nzima, na ilipofika saa kumi nilikuwa naona herufi zina ukungu. Nikipepesa mara mbili tatu zinarudi safi. Ukungu wa namna hiyo, unaoondoka kwa kupepesa, mara nyingi si wa miwani. Ni wa machozi yaliyopasuka.

Na wanja. Hili nalisema kwa upole kwa sababu najua ninamsema nani. Wanja ukiupaka kwa nje, juu ya nywele za kope, hauna neno kubwa. Lakini mtindo wetu wa kuupitisha ndani, kwenye ule mstari wenye majimaji, ni kuupitisha juu ya midomo ya tezi zote kwa mkupuo mmoja. Ni unga uliochanganyika na mafuta, nao unakaa usiku kucha. Tena baadhi ya wanja wa kienyeji na wa kuagizwa una risasi, na risasi hiyo ni madini yenye sumu. Kwa hiyo mtoto mchanga asipakwe kabisa, hata kama bibi anasisitiza.

Daktari anajuaje ni mafuta na si maji? Kuna vipimo viwili rahisi. Kimoja ni kipande cha karatasi kinachoning'inizwa kwenye ukope wa chini kwa dakika 5, na kupimwa kimelowa milimita ngapi. Wengi walioziba tezi wanafaulu mtihani huu vizuri, maji wanayo. Cha pili wanaweka rangi ya njano jichoni, wanamulika mwanga wa buluu, wanakuambia usipepese, wanahesabu. Utando ukipasuka kabla ya sekunde 10, unakauka haraka mno. Halafu daktari anabonyeza ukingo wa ukope kwa kidole au kijiti na kutazama kwenye darubini kinachotoka. Langu lilitoka kama uzi wa dawa ya meno. Daktari akanionesha kwenye picha, nikatamani asingenionesha.

Sasa tiba. Ukikuta mafuta ya nazi yameganda, huyatilii maji, unayaanika juani. Matone ya kulainisha ni maji. Yanasaidia, lakini ukiyategemea peke yake unajaza sufuria isiyo na mfuniko. Kinachofungua tezi ni joto, na joto halipatikani kwenye chupa ya dukani.

Namna ninavyofanya ni hii. Jioni nikishanawa, nachukua taulo mbili ndogo safi na chupa ya chai yenye maji ya moto. Nayachanganya na ya baridi kwenye bakuli mpaka yawe ya kuvumilika. Napima kwa ndani ya kiwiko, si kwa kiganja, maana kiganja cha mtu wa jikoni kimezoea moto na kitamdanganya. Lengo ni kama nyuzi 40 za joto, zikizidi kidogo si neno, basi. Nakamua taulo ya kwanza, nafumba macho, naiweka. Taulo hupoa upesi, dakika mbili tu, na hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaiacha imepoa usoni robo saa, wanasimama wanasema nimekanda na sikuona kitu. Ya pili lazima iwe inasubiri kwenye maji. Zinapokezana kwa dakika 10 kamili.

Mafuta yakiyeyuka yanapaswa kutoka kabla hayajaganda tena, kwa hiyo masaji inafuata papo hapo. Macho yamefumbwa. Ukope wa juu unaupitisha kidole taratibu kutoka juu kushuka kwenye nywele. Wa chini, kutoka chini kupanda kwenye nywele. Siku zote kuelekea ukingoni, ndiko midomo iliko. Unabonyeza ukope, si mboni. Mwenye presha ya macho, au aliyefanyiwa upasuaji wa jicho karibuni, amuulize daktari wake kwanza. Usishtuke ukiona ukungu kwa muda baada ya kumaliza, ni mafuta yaliyotoka yametanda.

Kisha kusafisha. Maji yaliyochemshwa yakapoa, na kijiti cha pamba, unapitisha kwenye mashina ya nywele za kope kuondoa magamba na matongo. Zamani madaktari wengi waliagiza matone machache ya shampuu ya watoto ndani ya maji hayo. Bado inatumika pale ambapo hakuna kingine, ila baadhi ya macho huwashwa nayo, na siku hizi kuna sabuni zilizotengenezwa kwa ajili ya kope. Kama una magamba yanayozunguka nywele kama soksi, mwambie daktari: hao mara nyingi ni vijidudu viitwavyo demodeksi, urefu wao kama theluthi ya milimita, wanaishi kwenye mashina ya nywele. Wana dawa yao. Usijipakie mafuta makali ya mimea kwa kubahatisha.

Mara mbili kwa siku mwanzoni, baadaye mara moja. Usihukumu kabla ya wiki 4 hadi 6. Mimi wiki ya kwanza niliona upuuzi mtupu, ya pili nikaruka siku tatu, na ilikuwa ya tano ndipo nilipoamka bila ule uzito wa kope wa alfajiri. Na ukiacha, yanarudi. Ni kama kupiga mswaki. Sababu ya kutochelewa ni hii: tezi iliyoziba muda mrefu hunyauka, na ikishakufa hakuna kukanda wala masaji kutakakoifufua.

Kuhusu matone ya machozi bandia, ukijikuta unayahitaji zaidi ya mara nne kwa siku, ulizia yasiyo na kemikali ya kuhifadhi dawa, kwa sababu kemikali hiyo nayo hukwaruza jicho likitiwa mara nyingi. Yapo pia yenye mafuta ndani, na kwa tatizo hili yana maana zaidi.

Joto lisipotosheleza, daktari anaweza kuandika antibiotiki kama doksisaiklini ya kumeza au azithromaisini. Hapa watu wanachanganyikiwa: kama hakuna bakteria wa kuambukiza, antibiotiki ya nini? Dozi yake hapa mara nyingi ni ndogo na huenda wiki kadhaa, na kinachotafutwa ni uwezo wake wa kutuliza uvimbe na kurekebisha mafuta, kuliko kuua vijidudu. Ndiyo maana vidonge vilivyobaki vya mgonjwa mwingine havikufai. Doksisaiklini hapewi mjamzito wala mtoto chini ya miaka 8, na mwenye kuinywa jua la saa sita litamchoma zaidi ya kawaida. Katika nchi zenye fedha kuna mashine zinazopasha na kukamua kope kwa wakati mmoja, na nyingine za mwanga mkali unaopigwa kwenye ngozi chini ya macho. Zinasaidia baadhi ya watu, bei yake ni kubwa, na hata mwenye kuzipata huambiwa aendelee na taulo nyumbani.

Mafuta ya samaki je? Tuko mji wa bahari, tungependa jibu liwe ndiyo. Mwaka 2018 Marekani ulichapishwa utafiti wa watu 535 wenye macho makavu. Wengine walipewa miligramu 3000 za omega-3 kila siku kwa mwaka mzima, wengine mafuta ya zeituni bila kujua. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na hakukuwa na tofauti ya maana baina yao. Kula dagaa kwa sababu ni watamu na wana faida nyingine. Usinunue vidonge vya bei kubwa ukitegemea vitazibua kope.

Maji ya bahari, asali, maziwa ya mama: yote nimeambiwa, na maji ya bahari nilijaribu nikiwa kijana pale Raskazone. Yaliniuma mpaka nikasahau kilichonipeleka. Vyote hivyo vinaweza kuingiza vijidudu jichoni na hakuna kinachoyeyusha mafuta. Lakini kinachonitisha zaidi ya hivyo ni chupa ndogo za steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, zinazouzwa bila cheti. Hizo zinafanya kazi, na hapo ndipo ubaya wake. Jicho linatulia siku moja, unampenda muuzaji, unarudi. Ukizitumia miezi bila kupimwa zinaweza kupandisha presha ya macho na kuleta mtoto wa jicho, na macho yaliyoharibiwa na presha hayarudi. Soma jina la dawa kabla hujalipa. Ukiona deksamethasoni au prednisoloni, uliza nani kaiandika.

Yapo mambo ambayo taulo halina kazi nayo: maumivu makali, kuona kulikopungua ghafla, mwanga usiovumilika, jicho lililopigwa au kuingiwa na kitu, usaha mzito, au wekundu kwa mtu anayevaa lenzi. Huyo aende hospitali siku hiyo hiyo. Chokea inayokuja na kuondoka ni sehemu ya ugonjwa huu, lakini uvimbe unaorudi pale pale kwenye ukope mmoja wa mtu mzima, hasa ukila nywele za hapo, unatakiwa kukatwa kipande na kupimwa, kwa sababu mara chache huwa ni saratani ya tezi zenyewe.

Shangazi alinisikiliza hadi hapo, mkoba magotini. Taulo alikubali, chupa ya chai alisema anazo tatu. Feni aliniagiza niigeuze ielekee ukutani, nikaigeuza. Kisha akainama kidogo, sauti chini, kama vile wateja wa fotokopi walikuwa wanajali.

"Na Ijumaa ya harusi?"

Nikamwambia wanja aupake kwa nje ya nywele, na asilale nao. Akafikiri. Akasema kwa nje hautaonekana vizuri kwenye picha. Akauliza kama siku moja tu ina neno.

Nikamwambia akirudi kutoka harusini aufute kwa pamba na maji ya uvuguvugu kabla hajalala, halafu ndiyo akande. Akasimama, akakunja leso. "Basi Ijumaa nitakanda mara mbili," akasema.